Jino Lililotibiwa Mara Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Sketi za shule zimeisha. Nimezipiga pasi na kuzifunga. Mchana nikaanza kukata kitenge cha binti yangu Mwikali, kile cha kijani na dhahabu. Kitambaa kizito, hakitelezi. Nimekipenda.

Jino limerudi. Lile lile la chini kushoto ambalo daktari wa Nairobi alilisafisha mizizi wakati mume wangu, Baba Mwikali, akiwa hai. Nilidhani hilo lilikwisha. Wiki nzima limekuwa likinong'ona, leo limepaza sauti. Nikikata uzi kwa meno, umeme unapiga hadi sikioni.

Sitaki jino mwezi huu. Mwezi huu nina ntheo ya binti yangu, wakwe wanaleta mbuzi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefunga kibanda, nikashuka mjini Wote kwa daktari wa meno. Nilitarajia mzee. Nikakuta msichana mwenye miwani, rika la Mwikali, anaitwa Daktari Mwende. Mikono yake haitetemeki. Mimi fundi wa nguo, naangalia mikono kwanza.

Akapiga picha ya eksirei, akanionyesha. Mizizi ya jino ina mifereji ndani. Mara ya kwanza mmoja haukuonekana, ukaachwa bila kusafishwa. Uchafu umekaa humo miaka yote hiyo, sasa kuna kivuli cheusi chini ya mzizi. Ndicho kinachouma.

Njia ni mbili. Kung'oa, au kufungua tena na kurudia kazi yote. Nikamwambia arudie. Jino ni langu, na nina kazi nalo.

Hakunidanganya. Alisema kurudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza, na watu wengi huumia zaidi siku mbili tatu za mwanzo. Lakini maumivu hayo yanaweza kupunguzwa, akasema, tukianza kuyapunguza kabla hayajaja. Nikapenda hiyo. Ndivyo ninavyoshona. Unapima kabla ya kukata.

Akaniuliza kama nina vidonda vya tumbo, presha, pumu, shida ya figo. Sina. Akasema basi ibuprofeni itanifaa.

Na nisikate tena uzi kwa meno. Hilo limeniuma kuliko jino.

Alhamisi, 9 Oktoba

Susu hataki kusikia. Susu ni mama mkwe wangu, anaishi nyumba ya juu, na masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Anasema jino bovu ni la kung'olewa, yeye yake yote yaling'olewa na anakula. Anakula uji.

Nimempenda hivyo hivyo.

Mwikali amepiga simu kutoka kazini. Ananiomba ningoje hadi wageni waje na waondoke. Anaogopa nitavimba uso siku yake. Nimemwambia nikingoja ndipo nitavimba. Akaniuliza nitaenda lini. Ananijua.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada shemeji Joseph alinisimamisha nje ya kanisa, mbele ya watu. Joseph ni ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu. Alisema amesikia habari za jino.

"Mama Mwikali, wewe tulia utibiwe. Siku hiyo nitaongea mimi."

Alisema kwa upole. Ndiyo maana nimekasirika. Angesema kwa ukali ningemjibu pale pale.

Niandike vizuri jambo hili. Ntheo ndiyo siku ya familia ya mwanamume kuleta mbuzi na kumposa msichana rasmi. Pasipo hiyo hakuna ndoa kwetu Wakamba. Kila upande una msemaji. Kwa kawaida ni mwanamume. Lakini Baba Mwikali hayupo, na wazee wa ukoo walikubali Agosti kwamba aliyemlea msichana aongee. Susu ndiye aliyewaambia. Joseph alikubali pia, huku akiangalia mlima.

Sina neno baya na Joseph siku nyingine. Mkarimu. Alichimba kaburi la ndugu yake kwa mikono yake. Lakini mpe wageni na kiti cha mbele, anawaka. Siku ya ntheo ya binti yake mwenyewe alibishana na wageni juu ya neno moja la utani, wakapanda gari na mbuzi wao kabla chakula hakijapakuliwa. Msichana yule aliolewa baadaye bila baba yake kualikwa. Hadi leo hawaongei.

Na hawa wageni wetu wanatoka Kirinyaga. Joseph hajawahi kusema hadharani kwamba hataki mkwe Mkikuyu. Husema tu, "Wale watu," kisha anamalizia kwa kukohoa.

Huyo mchumba, Kariuki, ni kijana mzuri. Anamfundisha Mwikali kuendesha pikipiki. Simwachii Joseph siku hii. Jino liume lisiume.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekunywa chai na mandazi mapema, nikameza ibuprofeni kama nilivyoagizwa, kabla ya sindano na kabla ya kitu chochote. Kisha Wote.

Sindano ya ganzi. Mdomo ukawa wa mtu mwingine. Daktari Mwende akafungua jino na kuanza kutoa ile dawa ya zamani iliyojazwa mizizini, vipande vidogo vya rangi ya waridi kama mpira wa kufutia. Vinatoka shingo upande. Alitoa jasho. Mimi nilihesabu mbao za dari, nikachoka, nikaanza kushona nguo ya Mwikali kichwani, mshono kwa mshono.

Halafu akasema, "Mama, nimeupata." Ule mfereji uliosahauliwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota pete kwenye majani.

Mwishoni aliosha mizizi kwa maji ya chumvi baridi sana, kutoka friji. Anasema baridi hutuliza uvimbe ndani kabla haujaanza. Akaweka dawa, akafunika kwa muda. Kisha akanipa karatasi ya buluu niume, akasaga kidogo jino lisigusane sana na la juu. Jino lililotibiwa likigongwa kila ukifunga mdomo, haliponi vizuri.

Akaniandikia ibuprofeni na paracetamoli, nimeze kwa saa zake hata kama siumwi. Usingoje maumivu yakuite, akasema.

Nilimuuliza kuhusu antibaiotiki. Akasema hapana. Sina homa, sina usaha unaosambaa. Dawa hiyo haiui maumivu, na nikiizoea bure, siku nitakayoihitaji haitanisikia.

Nimerudi nyumbani na mdomo ulioning'inia. Susu amecheka hadi akashika fimbo.

Jumatano, 15 Oktoba

Usiku ulikuwa sawa. Nililala na mito miwili kama daktari alivyosema, kichwa juu. Jino linauma, lakini ni uchovu wa jino, si ukali. Kama mguu baada ya kupanda mlima wa sokoni.

Uji. Viazi vitamu vilivyopondwa. Ndizi. Upande wa kulia tu.

Nimeshona.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nzuri. Karibu hakuna maumivu. Mwenye duka la dawa hapa Nunguni alishangaa sijavimba. Yeye alitaka kuniuzia antibaiotiki tangu Jumanne, na ya kupaka, na ya kusukutua. Nilimwambia ninayo maji ya chumvi.

Nguo ya Mwikali imebaki mikono. Nitaweka mikono mipana, akiinua mkono ionekane.

Jumanne, 21 Oktoba

Wote tena. Daktari Mwende ameosha mizizi mara nyingine, yale maji baridi tena, kisha akajaza mifereji yote minne. Minne. Mara ya kwanza ilijazwa mitatu. Alinionyesha picha mpya, mistari myeupe hadi chini, imenyooka kama mshono wa fundi mzuri. Nilimwambia hivyo. Aliona haya.

Ameziba kwa muda. Kofia ya jino itawekwa mwezi ujao, likishatulia.

Alirudia maagizo yale yale. Vidonge kwa saa zake, siku tatu. Kitu kigumu hapana. Nikiona mdomo haufungi sawa, au jino linagongwa kwanza kabla ya mengine, nimpigie simu siku hiyo hiyo.

Nilisikia vizuri. Niliitikia kama mtu ambaye ameshafaulu mtihani.

Jumatano, 22 Oktoba

Siumwi. Nimeruka vidonge vya mchana, nina kazi nyingi. Mahindi ya Susu, unga, vikombe vya kuazima kanisani. Mara ya kwanza ilikuwa rahisi, hii ni rahisi zaidi.

Joseph alipita kuangalia mahali pa kuchinjia. Akaniangalia shavu. Kisha akaondoka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mbaya. Mbaya sana.

Limeanza asubuhi nikipuliza jiko. Kila nikifunga mdomo, linagongwa. Jino hilo linafika la kwanza, mengine yanafuata. Shavu limejaa kidogo. Si sana, lakini kwenye kioo nimeliona, na wanawake waliokuja kuchambua mchele wameliona. Wote wameinamia mchele pamoja. Kuinama huko nakujua.

Nilimeza ibuprofeni nikiwa nimeshaumia. Ilichukua muda mrefu kufika, kama mtu aliyeitwa akiwa shamba la mbali. Sasa najua alichomaanisha daktari.

Susu anasema ling'olewe leo. Mwenye duka la dawa alinifungia antibaiotiki kwenye bahasha, akaniletea mwenyewe hadi mlangoni. Mwikali amefika kwa likizo yake, ameniona, amelia. Kisha Joseph.

Alisimama ukumbini na kofia mkononi.

"Mama Mwikali, si aibu. Keshokutwa mdomo huu hautaongea. Acha mimi nibebe."

Na nilitaka kukubali. Niandike hivyo hivyo. Nilikuwa nimechoka, uso unawaka, na alisema kwa upole tena. Nilifungua mdomo niseme sawa, jino likagongwa, na maumivu yakanirudishia akili. Linagongwa kwanza kabla ya mengine. Daktari alilitaja hilo. Alisema siku hiyo hiyo.

Nikamwambia Joseph nitamjibu kesho. Nikampigia Daktari Mwende. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nina homa, kama nashindwa kumeza, kama nashindwa kupanua mdomo. Hapana kwa yote. Alisema nikiona mojawapo nisingoje kuche, niende hospitali. Pasipo hayo, nimeze zile aina mbili za vidonge kwa saa zake, nikande shavu kwa kitambaa cha maji baridi, nisipake kitu cha moto, nifike kwake asubuhi.

Bahasha ya duka la dawa nimeirudisha ikiwa imefungwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Niliondoka kabla ya mtu yeyote kunipa ushauri. Mwikali alikuja nami. Kesho ni siku yake, alipaswa kuwa anasukwa nywele, akakaa kwenye benchi la daktari ameshika begi langu.

Daktari akanipa ile karatasi ya buluu. Nikauma. Kwenye kile alichoziba kulikuwa na doa moja la buluu, jeusi karibu. Kizibo kimekaa juu, akasema. Jumanne mdomo ukiwa na ganzi niliuma vibaya, haikuonekana. Unene wa uzi tu, lakini jino lililokasirika huuhisi unene wa uzi kama jiwe. Akasaga. Nikauma. Akasaga tena. Nikauma, na kwa mara ya kwanza tangu jana meno yote yalifika pamoja.

Nilitokwa na machozi. Si ya maumivu.

Alikagua fizi, akapima homa. Uvimbe ni wa jino kukasirika, si wa usaha. Bado antibaiotiki hapana. Kisha sindano moja ya ganzi inayokaa muda mrefu, ili jino lipate kupumzika hadi vidonge vishike.

Aliniuliza kama nilimeza vidonge vyote. Nilimwambia ukweli kuhusu Jumatano. Alitikisa kichwa na kucheka kidogo.

"Mama, nyinyi wenye nguvu ndio mnaonisumbua."

Nimefika nyumbani nikapita moja kwa moja kwa Joseph. Nilisimama mlangoni kwake na mdomo uliolala upande mmoja, nikamwambia kesho naongea mimi. Alinitazama. Akasema, "Na usipoweza?" Nikamwambia, "Nisipoweza utaniona nimekaa. Nikiwa nimesimama, kaa wewe."

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeandika sana mwezi huu kuhusu jino. Leo niandike kuhusu mtoto wangu.

Shavu lilikuwa limeshuka asubuhi. Jino lilikuwepo, nalisikia, lakini limekaa kwenye kona yake. Chai, mkate laini, vidonge. Kwa saa zake.

Wageni walifika kabla ya jua kuwa kali. Wanawake wetu waliwazuia getini kwa nyimbo, nao wakajibu kwa zao za Kikuyu, na kwa muda hakuna aliyeelewa mwenzake na kila mtu alikuwa anacheza. Mbuzi wakakata kamba. Wakaingia kwenye viazi vitamu vyangu. Kariuki akawafukuza akiwa na suti.

Tukakaa chini ya hema. Wao upande huu, sisi upande ule. Nguo ya Mwikali, sitaisifu. Kila mtu aliiangalia.

Mjomba wa Kariuki ndiye msemaji wao. Mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alisalimu kwa Kiswahili, akamshukuru Mungu kwa safari, kisha akataka kuchangamsha watu. Alisema aliogopa kuleta mbuzi Ukambani, maana alisikia huku hakuna nyasi, mbuzi wangelia njia nzima.

Wa kwao walicheka. Wetu hawakucheka.

Nikamwona Joseph. Mikono kwenye magoti, kisha anainuka. Susu amefumba macho. Mwikali ameangalia chini. Niliona ile siku nyingine yote, gari na mbuzi na chakula ambacho hakuna aliyekila.

Nikasimama.

Sikuwa na mdomo wa kuongea haraka. Kila neno nililisindikiza kwa uangalifu lipite jino bila kuligusa. Kwa hiyo niliongea polepole na kwa sauti ya chini, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani mwangu, na hema lote likainama kunisikiliza.

"Mzee wetu karibu. Kama ni nyasi, mbuzi wako hawakuzitafuta. Walipofika getini walikula viazi vyangu vitamu vyote. Sasa mimi siwezi kuwaachia warudi, wamekula kwangu."

Halafu mjomba yule akaanza kucheka kutoka tumboni, akapiga paja, akasema, "Mama, umetushika!" na upande wetu ukaachilia kicheko. Vigelegele. Nilimtazama Joseph. Alikuwa bado amesimama nusu. Mimi nimesimama. Akakaa.

Nikaendelea. Nikawaambia mimi ni Rose Ndunge, mjane wa nyumba hii. Kwamba Mwikali alimzika baba yake akiwa kidato cha pili na hakukosa shule hata siku baada ya matanga. Kwamba sina mtoto mwingine. Kwamba simuuzi na simtupi, namsindikiza. Kisha nikamgeukia nikamuuliza mbele ya wote, "Mwikali, hawa wageni unawajua?"

"Nawajua, Mwaitu." Aliniita mama kwa Kikamba.

"Tupokee mbuzi wao?"

"Mpokee."

Basi. Nikakaa.

Walikula. Wote. Waliondoka jua likishuka, wakiimba. Mjomba alimkumbatia Joseph, na Joseph akamwonyesha njia fupi ya kurudi barabara kuu, akatembea mbele ya gari lao hadi kwenye kona mbaya.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikuenda kanisani. Nimelala. Jino linauma kidogo, mwili wote unauma zaidi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Joseph alikuja kibandani. Nilidhani ni juu ya Jumamosi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika kitambaa, akakiacha. Mwisho akauliza huyo daktari wa Wote anakaa upande gani wa soko.

Nikamuuliza kwa nini. Akaweka kidole kwenye taya la kulia. Anatafunia upande mmoja tangu mwaka juzi. Anameza vidonge vya dukani kila jioni. Hajamwambia mtu. Anaogopa sindano.

Mzee mzima. Nilicheka, kisha nikaona uso wake nikaacha. Mtu anayeumwa kila siku kwa miaka miwili. Sijui ni hasira ngapi za Joseph zilikuwa za Joseph.

Nitampeleka mwenyewe. Nimemwambia ale kwanza.

Jumanne, 4 Novemba

Kofia ya jino imewekwa. Karatasi ya buluu, kuuma, kusaga kidogo, kuuma. Safari hii ni mimi niliyesema bado, saga tena. Daktari Mwende alinisikiliza.

Baada yangu akaingia Joseph. Aliniomba nikae naye ndani. Nikakaa. Lake halikuweza kuokolewa, limeng'olewa. Alishika mkono wa kiti, akawa anaomba kwa Kikamba chini chini. Ilipokwisha aliuliza kama imeanza.

Tukiwa njiani, na pamba mdomoni, alisema kitu. Nilimwomba arudie. Alisema atampigia binti yake simu akipona mdomo.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua imenyesha tangu jana. Udongo umelainika. Nimepanda mbaazi kipande cha chini na maharagwe pale viazi vilipokuwa. Susu alikaa kwenye kibaraza akinielekeza, na nikafanya nilivyotaka.

Mwikali alituma picha. Yeye na Kariuki, shamba la chai la wakwe, wote wawili wamevaa mabuti makubwa.

Nimekula, nimeosha vyombo. Nimekaa kuandika, na nikatafuta habari za jino nikaona sina. Leo kutwa sikulikumbuka.

Mvua bado.